Pete za Miti, Mbegu na Vioo: Ardhi na Maarifa katika Chuo Kikuu cha Arizona, 1885–2005

Anayepitia orodha ya tasnifu za chuo kikuu kikubwa hukutana na mpangilio unaoonekana kuwa wa kawaida kabisa: sanaa katika rafu moja, optiki, yaani elimu ya mwanga na vioo, katika rafu ya pili, na kilimo cha mazao katika rafu ya tatu. Kila rafu ina istilahi zake, majarida yake na watahini wake. Insha hii inakichunguza Chuo Kikuu cha Arizona, kilichopo katika mji wa Tucson kusini-magharibi mwa Marekani, ambako nyanja hizo tatu zimejipatia sifa inayovuka mipaka ya nchi, na inauliza swali la kihistoria: ni kitu gani kilichozifanya zistawi mahali pamoja? Jibu linalotolewa mara nyingi ni hali ya hewa. Anga ni safi kwa wenye darubini, jua ni jingi kwa wakulima wa pamba, na mwanga ni mkali kwa wapiga picha. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi, kwa kuwa yapo majangwa mengi yenye anga safi ambayo hayakuzaa chochote cha namna hiyo.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba nyanja hizo ziliunganishwa na mambo mawili. La kwanza ni namna moja ya kusoma: kuichukulia alama iliyoachwa na mwanga au na maji kuwa ni waraka, sawa na barua au hati ya mahakama. La pili ni ardhi na maji ya watu waliokuwapo kabla ya chuo, hasa watu wa Akimel O'odham, Tohono O'odham, Wahopi na Waapache. Mgawanyo wa idara umeyaficha yote mawili. Historia ya falaki huandikwa bila pamba, historia ya pamba huandikwa bila mto, na historia ya mto huandikwa bila pete za miti zilizokuja kuonyesha kwamba mto wenyewe ulikadiriwa kupita kiasi. Sikusudii kuandika historia kamili ya chuo. Idara nyingi zenye heshima hazitajwi kabisa.

Kifuta machozi

Mwaka 1885 wajumbe wa baraza la kutunga sheria la Arizona, ambayo wakati huo haikuwa bado jimbo kamili, walikutana Prescott kugawana taasisi. Tucson, uliokuwa makao makuu kuanzia 1867 hadi 1877, ulitaka kurudishiwa hadhi hiyo. Haukuipata. Phoenix ilipewa hospitali ya wagonjwa wa akili pamoja na dola 100,000. Tucson ikapewa chuo kikuu na dola 25,000. Inasimuliwa kwamba mjumbe wa Tucson aliporudi nyumbani alipokewa kwa mayai yaliyooza, kwa kuwa wakazi hawakuona faida ya chuo katika nchi isiyokuwa hata na shule ya sekondari. Kiwanja cha ekari 40 kilitolewa na wacheza kamari wawili na mwenye baa mmoja. Masomo yalipoanza mwaka 1891 walikuwapo wanafunzi 32 na walimu 6, na wengi wa wanafunzi hao walikuwa bado katika madarasa ya maandalizi.

Kisa hicho hupendwa sana katika hafla za chuo, na ni cha kuchekesha kweli. Kasoro yake ni kwamba kinaifanya ardhi ianze na wacheza kamari. Msingi wa kisheria ulikuwa tofauti. Sheria ya Morrill ya 1862 iliyapa majimbo ardhi iliyoitwa ya umma ili mapato yake yaendeshe vyuo vya kilimo na ufundi, na Sheria ya Hatch ya 1887 ikagharimia vituo vya majaribio ya kilimo. Arizona ilipokaribia kuwa jimbo, sheria ya 1910 iliyoiandalia njia ilitenga ekari 150,000 kwa ajili ya vyuo vya aina hiyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 na jarida la High Country News ulifuatilia, kipande kwa kipande, karibu ekari milioni 11 zilizotolewa chini ya Sheria ya Morrill nchini kote, ukaonyesha kwamba zilitoka kwa takriban mataifa 250 ya wenyeji, ama kwa mikataba ya kulazimishwa ama bila mkataba wowote. Neno “umma” katika sheria hizo linahitaji kusomwa kwa uangalifu mkubwa.

Tende, pamba na tepari

Kitengo cha kwanza kufanya utafiti wa kudumu kilikuwa kituo cha majaribio ya kilimo. Robert Forbes, aliyekiongoza kuanzia 1899 hadi 1918, aliuona mtihani wa jangwa kuwa ni wa chumvi na maji, akatafuta mazao yaliyozoea vyote viwili. Kwa ushirikiano na Wizara ya Kilimo ya Marekani, bustani ya mitende ilianzishwa Tempe, na machipukizi yakaletwa kutoka Algeria mwaka 1900. Miaka miwili baadaye David Fairchild, mkusanyaji wa mimea wa wizara hiyo, alifika Maskati na bandari nyingine za Ghuba kutafuta aina zaidi, ikiwamo fardhi ya Oman. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaijua biashara hiyo kwa upande wake mwingine: ni tende za bandari hizohizo zilizofika Lamu na Unguja kwa majahazi ya kaskazi.

Pamba ilikuwa na matokeo makubwa zaidi. Ile inayoitwa Pima, yenye nyuzi ndefu, ilichaguliwa kutoka katika mbegu za pamba ya Misri kwenye kituo cha Sacaton, ndani ya hifadhi ya Gila River. Kituo kilikuwa cha wizara, si cha chuo, na jina lilitolewa kwa heshima ya wenyeji ambao Wahispania waliwaita Pima, yaani Akimel O'odham, “watu wa mto”, ambao nguvu zao zilitumika katika mashamba ya majaribio. Vita Kuu ya Kwanza vilipopandisha bei ya pamba ndefu, kampuni ya matairi ya Goodyear ilifyeka maelfu ya ekari katika bonde la Salt River ili kupata nyuzi za matairi. Bei ikaanguka mwaka 1920 na wengi wakafilisika.

Linalostahili kuangaliwa ni hali ya watu wenyewe waliotoa jina. Mababu zao, ambao wanaakiolojia huwaita Hohokam, walichimba mifereji ya umwagiliaji kando ya Gila na Salt karne nyingi kabla ya Wazungu. Emil Haury, ambaye baadaye aliongoza idara ya anthropolojia ya chuo, aliichimbua sehemu yake huko Snaketown mwaka 1934 na 1935. Katikati ya karne ya 19 Akimel O'odham walikuwa wakiwauzia ngano wasafiri waliokwenda kutafuta dhahabu California. Kisha walowezi wa sehemu za juu za mto wakayageuza maji kwenye mashamba yao, na kufikia miaka ya 1890 wakulima hao wa mto walikuwa wanakufa njaa kando ya mchanga mkavu. Kwa hiyo pamba iliyobeba jina lao ilizaliwa katika hifadhi ambayo wakulima wake walikwisha kunyang'anywa maji. Sheria iliyowarudishia sehemu kubwa ya haki ya maji ilipitishwa mwaka 2004.

Tepari ni kisa kidogo zaidi, na kwa maoni yangu ndicho chenye mafunzo mengi kwa mtafiti wa kilimo. Ni haragwe dogo lenye kustahimili ukame, linaloweza kukomaa kwa maji ya mvua moja au mbili nzito zilizokusanywa shambani. George Freeman wa kituo cha chuo alichapisha taarifa juu yake mwaka 1912, baada ya kukusanya mbegu kutoka mashamba ya wenyeji na kuzilinganisha. Kazi yake ni safi na inasomeka hadi leo. Lakini kile ambacho taarifa za wakati huo zilikiita uteuzi wa mbegu kilikuwa kimekwisha kufanywa, msimu baada ya msimu, na watu waliochagua punje za kuweka na punje za kula. Kituo kiliingia katika hatua ya mwisho ya jaribio la muda mrefu sana, kikalitia maandishi, na jaribio likaandikwa kuwa la kituo.

Boriti ya Show Low

Andrew Ellicott Douglass alifika Tucson mwaka 1906 akiwa mwanafalaki aliyefukuzwa kazi. Alikuwa amemsaidia Percival Lowell kujenga kituo cha darubini Flagstaff mwaka 1894, kisha akatilia shaka waziwazi mifereji ambayo Lowell aliamini kuiona juu ya sayari ya Mirihi; mwaka 1901 akaachishwa. Swali lake mwenyewe lilikuwa juu ya jua. Madoa ya jua huongezeka na kupungua katika mzunguko wa takriban miaka 11, naye akajiuliza kama mzunguko huo unaathiri mvua. Kumbukumbu za mvua za Arizona zilikuwa fupi mno. Mwaka 1904 alianza kuzitafuta kwenye visiki na magogo ya misonobari katika kiwanda cha mbao: mti wa nchi kavu huweka pete nene mwaka wa mvua na pete nyembamba mwaka wa kiangazi.

Ugunduzi wake mkubwa haukuwa pete, kwa kuwa zilijulikana tangu zamani. Ulikuwa ule mfuatano. Aliona kwamba mpangilio wa pete nene na nyembamba katika mti mmoja ulijirudia katika mti mwingine uliokua umbali wa kilomita nyingi, hivyo kwamba kipande kisichojulikana umri kingeweza kuwekwa juu ya kile kinachojulikana mpaka mipangilio ikalingana. Hapo kila pete inapata mwaka wake, si makadirio ya mwaka. Ili kuchambua mizunguko alibuni chombo cha optiki kilichoigeuza mistari ya pete kuwa michirizi ya mwanga, ili jicho lione marudio ambayo hesabu za mkono zingeyachukulia miezi. Chombo hicho alikieleza katika jarida la wanafalaki mwaka 1915. Ni vigumu kusema kama kazi hiyo ilikuwa ya falaki, ya kilimo au ya historia, na sidhani kama yeye mwenyewe alijali.

Wanaakiolojia ndio waliojali. Katika nyanda za juu za Arizona na New Mexico yapo majengo makubwa ya mawe, kama vile Pueblo Bonito, yaliyoezekwa kwa boriti za misonobari. Hakuna aliyejua umri wake kwa uhakika. Douglass alipelekewa vipande vya boriti, na kufikia miaka ya 1920 alikuwa na mifuatano miwili. Mmoja ulianzia wakati wake na kurudi nyuma hadi karibu na mwaka 1260. Mwingine, wenye urefu wa miaka 585, ulitoka katika magofu na ulielea bila kuunganishwa na kalenda: ungeweza kusema jengo hili ni la miaka kadhaa kabla ya lile, lakini haungeweza kutaja mwaka wenyewe.

Shirika la National Geographic liligharimia safari za kutafuta boriti za kuziba pengo. Katika kijiji cha Wahopi cha Oraibi, kinachokaliwa hadi leo, watafiti walitoboa boriti za nyumba za watu, na kipande cha feruzi kiliachwa ndani ya tundu kwa kuheshimu imani ya wenyeji. Nalitaja hilo kwa sababu ni miongoni mwa mara chache ambapo malipo ya maarifa yalifanywa kwa sarafu iliyotambuliwa na mtoaji. Tarehe 22 Juni 1929, katika mji wa Show Low, Haury na mwenzake Lyndon Hargrave walifukua kipande cha boriti iliyoungua, kikapewa alama HH-39. Pete zake zilianzia 1237 na kufika hadi karne ya 14. Usiku huo Douglass aliona kwamba mifuatano yake miwili ilikuwa imekwisha kupishana siku zote, ila kwa pete chache mno za kuaminiwa, zilizobanwa na ukame mkali wa 1276 hadi 1299. Mara moja magofu kadhaa yakapata tarehe; kwa Pueblo Bonito alipata boriti zilizokatwa kuanzia karne ya 10 hadi mwanzoni mwa karne ya 12.

Niweke pembeni neno moja kwa watafiti wa kwetu. Boriti za mikoko zimeezeka nyumba za mawe za Lamu na Unguja, na zilisafirishwa hadi Ghuba ya Uajemi kwa karne nyingi. Lakini mbinu ya Douglass haiwezi kuhamishiwa huko kwa urahisi, kwani miti mingi ya kitropiki haiweki pete dhahiri za kila mwaka. Uchunguzi wa mikoko ya ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa, umeonyesha tabaka zinazofuata majira ya mvua na kiangazi, nao unatia moyo, ingawa safari ni ndefu kutoka hapo hadi tarehe ya msikiti.

Maabara ya pete za miti ilianzishwa rasmi mwaka 1937 na kuwekwa kwa muda chini ya jukwaa la magharibi la uwanja wa futiboli ya Kimarekani. Muda huo uliendelea kwa miongo saba na ushei. Huko ndiko kulikotoka utafiti ambao, kwa maoni yangu, ndio mzito kuliko wote unaotajwa katika insha hii. Mwaka 1922 majimbo ya bonde la mto Colorado yalikuwa yamegawana maji kwa mkataba, yakitumia vipimo vya miaka michache na kudhani kwamba mto hutoa zaidi ya futi-ekari milioni 16 kwa mwaka, futi-ekari moja ikiwa ni maji ya kufunika ekari moja kwa kina cha futi moja. Mwaka 1976 Charles Stockton na Gordon Jacoby walitumia pete za miti kurudisha kumbukumbu za mto kwa zaidi ya miaka 400. Wastani walioupata ulikuwa milioni 13.5. Mkataba uliandikwa katika kipindi cha mvua zisizo za kawaida. Wakati huo mfereji wa kupeleka maji ya Colorado hadi Phoenix na Tucson ulikuwa umekwisha kuidhinishwa tangu 1968 na kuanza kuchimbwa. Pamba ya Arizona, miji ya Arizona na ahadi zilizotolewa kwa wenyeji wa Gila, vyote vinategemea maji ambayo kwa sehemu yapo katika maandishi tu.

Watu wenye macho marefu

Darubini ya kwanza kubwa ya chuo ilinunuliwa kwa dola 60,000 zilizotolewa na Lavinia Steward mwaka 1916, na kituo chake kikazinduliwa 1923 baada ya vita kuchelewesha kioo. Miaka thelathini baadaye taa za mji zilikuwa zimeanza kuyafunika mawingu ya nyota, na serikali ya Marekani ilikuwa inatafuta mlima wa kujenga kituo cha kitaifa. Aden Meinel, aliyeongoza utafutaji huo, aliuchagua Kitt Peak, ambao watu wa Tohono O'odham wanauita Ioligam na kuuheshimu kama mlima mtakatifu. Wajumbe wa baraza lao walialikwa Tucson kuutazama mwezi kwa darubini ya Steward. Mkataba wa kukodisha ulitiwa saini mwaka 1958, ukiruhusu mlima utumike kwa utafiti wa kisayansi, na wanafalaki wakapata jina la “watu wenye macho marefu”.

Tukio hilo limesimuliwa mara nyingi kama mfano wa maelewano. Kwa hakika lilikuwa bora kuliko unyang'anyi. Hata hivyo, kutazama mwezi usiku mmoja na kukubali ujenzi usio na kikomo cha miaka ni mambo mawili, na pande mbili za mkataba huenda hazikusoma waraka uleule. Mwaka 2005 taifa la Tohono O'odham lilifungua shauri kupinga mradi mpya wa VERITAS, wenye darubini nne za mionzi ya gama, katika bonde moja la mlima huohuo. Mradi ukahamishiwa chini ya mlima Hopkins.

Meinel mwenyewe alihamia chuoni na mwaka 1964, kwa msaada wa Jeshi la Anga lililokuwa na uhaba wa wahandisi wa lenzi na vioo, akaanzisha kituo cha sayansi za optiki. Vita Baridi vilihitaji macho marefu ya aina nyingine. Mnamo 2005 kituo kilipandishwa hadhi kuwa kitivo.

Udongo chini ya jani

Uhusiano wa optiki na mazao ulikamilika katika miaka ya 1980, na ulikamilika kwa jambo linaloonekana dogo. Jani bichi hunyonya mwanga mwekundu kwa ajili ya kujitengenezea chakula na kurudisha kwa wingi mionzi infraredi ya karibu, isiyoonekana kwa jicho. Setilaiti inayopima vyote viwili inaweza kukadiria wingi wa mimea: tofauti ya infraredi na wekundu hugawanywa kwa jumla yake, na jibu huwa fahirisi ya ukijani. Kasoro ni kwamba katika nchi kavu setilaiti haioni jani peke yake. Inaona udongo kati ya majani.

Alfredo Huete, mtafiti wa udongo na maji, pamoja na wenzake, walilijaribu jambo hilo katika shamba la pamba. Waliingiza trei za udongo wa aina mbalimbali, mikavu na mibichi, chini ya mimea ileile, wakapima mwanga uliorudi. Majani hayakubadilika, lakini fahirisi ilibadilika: udongo mweusi au uliolowa uliifanya pamba ionekane nyingi kuliko ilivyo. Mwaka 1988 Huete alipendekeza fahirisi iliyorekebishwa, yenye kigezo kinachoongezwa kwenye jumla ili kupunguza athari ya udongo. Kwa mimea ya wastani alikipa thamani ya 0.5. Baadaye alishiriki kubuni fahirisi iliyoboreshwa kwa ajili ya kifaa cha MODIS, kilichopelekwa angani Desemba 1999.

Jambo hili lina uzito kwa Afrika Mashariki. Baada ya njaa ya Ethiopia na Sudan, mwaka 1985 Marekani ilianzisha mtandao wa tahadhari ya njaa unaotegemea, pamoja na mambo mengine, vipimo vya ukijani kutoka angani. Nchini Kenya, Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutumia fahirisi ya hali ya mimea inayotokana na vipimo hivyo katika kaunti 23 kame na nusu kame, na kiwango chake ni mojawapo ya vigezo vya kutoa fedha za dharura. Fahirisi hiyo si ile ya Huete. Ni ndugu yake. Lakini Marsabit na Turkana, ambako kichaka kimoja huzungukwa na udongo mtupu, ndiko hasa swali la trei za pamba linakouma. Mfugaji anayeambiwa kwamba malisho yake bado ni ya wastani ana haki ya kujua kama kilichopimwa ni nyasi au ni ardhi iliyolowa juzi. Mtafiti atakayelichunguza hilo kwa kuweka taarifa za wafugaji wenyewe kando ya takwimu za setilaiti atakuwa anaendeleza kazi iliyoanzia kwenye mstari wa pamba.

Picha na saa yake

Mwaka 1975 rais wa chuo, John Schaefer, mwanakemia aliyependa kupiga picha, alishirikiana na Ansel Adams kuanzisha kituo cha upigaji picha wa kisanaa. Hifadhi zilianza na nyaraka za wapiga picha watano: Adams mwenyewe, Wynn Bullock, Harry Callahan, Aaron Siskind na Frederick Sommer. Uamuzi muhimu ulikuwa kukusanya si picha zilizokamilika tu bali negativu, barua na madaftari pia, yaani mti mzima na si ubao uliorandwa.

Faida ya mtazamo huo inaonekana katika picha maarufu ya Adams ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico. Adams hakuwa mwangalifu wa tarehe, na picha ilizunguka ikiwa na miaka tofauti. Wanafalaki walipima nafasi ya mwezi na kivuli cha jua katika picha. Jibu la kwanza, la David Elmore, lilikuwa 31 Oktoba 1941. Donald Olson alilirekebisha mwaka 1991 kuwa 1 Novemba 1941, saa 10:49 alasiri. Hao hawakuwa watafiti wa Tucson, lakini mbinu ni ya Douglass: kitu cha sanaa kinasomwa kwa saa ya mbinguni, naye msomaji wa pili anamsahihisha wa kwanza kwa kurudi kwenye waraka uleule. Misalaba meupe ya makaburi, inayong'aa katika picha hiyo, iling'aa kwa jua lililobakiza dakika chache tu.

Dził Nchaa Si'an

Chini ya jukwaa la mashariki la uwanja uleule uliohifadhi pete za miti, Roger Angel na wenzake walijenga tanuri inayozunguka. Kanuni yake inajulikana kwa yeyote aliyekoroga maji kwenye sufuria: umajimaji unaozungushwa hupanda pembeni na kubonyea katikati, na umbo linalopatikana ndilo hasa linalohitajiwa na kioo cha darubini. Angel alianza kwa kuyeyusha pamoja vibakuli viwili vya kioo katika tanuri ya nyuma ya nyumba yake. Kufikia 1997 maabara ilikuwa inamimina vioo vyenye kipenyo cha mita 8.4, vyenye matundu ndani kama sega la nyuki, tanuri ikizunguka karibu mara 7 kwa dakika kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,100 za Selsiasi.

Viwili vya kwanza vya ukubwa huo vilikusudiwa mlima Graham, ambao Waapache wa San Carlos wanauita Dził Nchaa Si'an. Kwao ni makao ya roho za mlima, mahali pa dawa na pa maombi. Mwaka 1988 Kongresi ya Marekani ilipitisha sheria iliyouruhusu ujenzi wa darubini za mwanzo bila kukamilisha taratibu za kawaida za mazingira, ingawa mlima ni makao pekee ya jamii moja ya kindi mwekundu. Mwaka 1991 muungano wa Waapache ulikwenda mahakamani na haukufanikiwa. Katika mjadala huo waliwahi kusikika wasomi waliodai kwamba maandishi ya zamani hayautaji mlima huo kuwa mtakatifu. Dai hilo ni la ajabu likitolewa katika mazingira ya chuo kilichojenga heshima yake kwa kusoma visivyoandikwa: visiki, boriti, punje, kivuli cha msalaba.

Mwaka 2002 serikali ya shirikisho iliamua kwamba mlima wote unastahili kuingizwa katika Rejista ya Taifa ya Mahali pa Kihistoria, kwa thamani yake ya kitamaduni kwa Waapache wa magharibi. Uamuzi huo haukuondoa darubini yoyote. Tarehe 12 Oktoba 2005 kioo cha kwanza cha mita 8.4 kilielekezwa kwenye galaksi ya NGC 891, inayoonekana kwa ubavu kama mstari mwembamba wenye ukanda wa vumbi katikati, na picha yake ikachapishwa ulimwenguni kote.